Bwana Kofia wa Rwezamenyo

Kazi niliyopewa katika harusi ile ilikuwa ndogo. Nimfuate bwana harusi kazini kwake, nimkabidhi kitu kilichofungwa kwenye kitambaa, nimwambie, "Umeangusha hiki," kisha niondoke bila kugeuka. Niliifanya vile vile nilivyoagizwa, na ikaharibika. Leo nashukuru kwamba iliharibika, maana bila hivyo ningeendelea kupanga katika nyumba ile pasipo kujua nimepanga kwa watu gani.

Mimi ni mtu wa Tabora. Nilihamia Kigali kufanya kazi katika ofisi ya kutoa mizigo, Muhima, dirisha langu likitazama malori yanayoteremka kuelekea Nyabugogo. Kazi yetu ni kufuatilia makontena kutoka bandari ya Dar es Salaam mpaka yafike, na kujibu simu za watu wanaodhani tumeyaficha. Siku za mwanzo nililala kwa mwenzangu wa ofisini. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba nikitaka kuamka asubuhi na kusikia Kiswahili dirishani, nikatafute chumba mtaa wa Rwezamenyo.

Nilifika kwa Bibi Jumapili mchana. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wake akichagua mchele, miwani yake imeshikiliwa na uzi mweusi uliozunguka kisogo.

"Unatoka wapi?" aliniuliza.

"Tabora, Bibi."

"Tabora wapi?"

"Tabora ya Tanzania."

"Kwani iko ingine? Nakuuliza mtaa."

Nikamtajia mtaa. Akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimemtajia jirani. Baba wa babu yake, alisema, alikuja huku kutoka Tabora pamoja na wafanyabiashara wa vitambaa, akaoa, akasahau kurudi. "Sasa wewe umekuja kumtafuta," alisema. "Umechelewa kidogo." Chumba cha uani nilikipata siku hiyo hiyo, pamoja na amri ya kutopika dagaa ndani.

Nyumba ile ilikuwa na watu wawili tu, Bibi na mjukuu wake wa kike. Mjukuu alikuwa mtoto wa binti pekee wa Bibi, ambaye alifariki kwa maradhi mtoto akiwa bado shule ya msingi. Baba yake alioa tena na kuhamia Huye. Mjukuu sasa alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake. Alisanifu kadi na mabango katika duka la uchapaji, Muhima pia, na asubuhi nyingi tulipanda basi pamoja, yeye akinisahihisha Kinyarwanda changu kwa sauti ya kusikika na abiria wote.

Sarafu niliionyeshwa kwa sababu ya Tabora. Nilikuwa nikimsimulia Bibi jinsi tulivyokua tukisikia kwamba wakati wa vita kuu ya kwanza, Wajerumani walipokatiwa njia ya kwao, walitengeneza sarafu za shaba hapo Tabora kwenye karakana ya reli. Wenzangu wa utotoni walikuwa wakichokonoa ardhi kila mvua ikikatika, wakitumaini kuokota moja. Bibi aliinuka, akaingia chumbani, akarudi na kopo la zamani la maziwa ya unga. Ndani ya kopo kulikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa rupia.

Ilikuwa rupia ya fedha ya wakati wa Wajerumani, nzito kuliko sarafu yoyote niliyowahi kutia mfukoni, imepita mikono mingi mpaka ukingo umelainika. Upande mmoja kulikuwa na kichwa cha mfalme wao, masharubu yamesimama, amevaa kofia ya chuma yenye ndege juu yake. Upande wa pili simba alisimama mbele ya mnazi, na kando yake jina la kampuni iliyoitoa, kwa Kijerumani.

"Huyu tunamwita Bwana Kofia," alisema Bibi.

Nina tabia ya kuuliza, na yeye alikuwa na tabia ya kujibu akiwa na kazi mikononi, kwa hiyo nilimsaidia kuchambua maharage na akanieleza. Bibi wa bibi yake aliwapikia wasafiri waliofikia Kigali, siku ambazo mji ulikuwa bado ni nyumba chache juu ya kilima. Alilipwa kwa rupia. Wajerumani waliposhindwa, Wabelgiji wakaja na faranga zao, na watu wakaambiwa wapeleke rupia wabadilishiwe. Yule mama alipeleka zote, isipokuwa hii.

"Kwa nini alibakiza moja?" nilimuuliza.

"Kwa sababu aliambiwa zote."

Baadaye, Waswahili wa Kigali walipowekwa katika mtaa wao, baba yake Bibi alihitaji karatasi ya ruhusa ili alale mahali pengine. Alizaliwa hapa, lakini kwenye ile karatasi alihesabiwa mgeni. "Akirudi nyumbani amekasirika," Bibi alisema, "mama anamwekea hii mezani, karibu na chai. Anamwambia, mgeni ni yule ambaye pesa yake imefika juzi."

Aliigeuza rupia mara mbili tatu kiganjani. "Kila serikali imekuja na pesa yake. Iko ya simba, tulipokuwa pamoja na Burundi. Iko ya uhuru. Iko ya kahawa. Sasa iko ya hindi. Serikali ikiondoka, pesa inaondoka. Huyu serikali yake imeondoka, yeye hakuondoka. Amebaki wa kwetu."

Kisha akaniambia desturi. Kila binti wa nyumba ile aliolewa kwa mahari ya rupia hiyo. Kwa sheria ya dini mahari ni mali ya mwanamke peke yake, na kila mmoja wao, kwa hiari yake, aliitunza mpaka binti mwingine wa nyumba alipofikia kuolewa. Bwana harusi alitakiwa kuikomboa kwanza kwa mwenye nayo, kwa kitu cha maana, ng'ombe au mabati au baiskeli, ndipo aje kuitoa mbele ya watu. Hayo ndiyo aliyonieleza siku ile, na ndiyo aliyowahi kumweleza mjukuu wake.

Mjukuu alikuwa amechumbiwa na fundi wa samani wa Gisozi. Wazee wa kijana huyo waliondoka nchini zamani, yeye akazaliwa na kukulia Kampala, akarudi mtu mzima na kufungua karakana pale Agakiriro, kwenye soko la mafundi. Nilikuwa nimemwona nyumbani mara chache, mpole, na vumbi la mbao halikumtoka kwenye nyusi hata akivaa kanzu. Mambo yote ya harusi yalikwenda vizuri mpaka jioni moja tulipokaa kula ugali na isombe, kisamvu cha huku, na Bibi akataja mahari.

"Bibi, mimi sitaolewa kwa kichwa cha Mjerumani," alisema mjukuu.

"Huolewi na yeye. Unaolewa na fundi wa Gisozi."

"Na nyuma yake iko mnazi. Kigali iko mnazi wapi? Hata hawakujua wanatengeneza pesa ya watu gani."

"Mnazi haujatusumbua."

"Nchi iko huru, iko na sarafu yake. Mimi nitachukua hata faranga hamsini, ile ya hindi."

"Mahari ya hindi," alisema Bibi. "Tulichemshe au tulichome?"

Nikacheka, na wote wawili wakanigeukia.

"Sema wewe, Mtanzania," alidai mjukuu. "Mama yako aliolewa kwa nini?"

"Msahafu na cherehani."

"Umeona, Bibi? Cherehani. Kitu ya kazi."

"Cherehani ya wapi?" Bibi aliniuliza.

Ilinibidi niseme ukweli. "Ya Ujerumani."

Bibi aliendelea kula, ameridhika. Lakini mjukuu aliweka tonge chini, na sauti yake ikabadilika. "Basi mfalme tumwache. Hilo la kukomboa ndilo silitaki. Mwanaume anakuja hapa, anatoa mabati, anakomboa, ananipa. Kama redio iliyowekwa rehani. Oya, hapana, Bibi. Mimi nakataa."

Bibi aliinuka. Alinawa mikono, akakunja kitambaa cha mezani ambacho kilikuwa tayari kimekunjwa, akaingia chumbani. Niliona kwamba hilo lilimwingia. Hakuwa na binti mwingine wala mjukuu mwingine wa kike. Huyu akikataa, rupia ingekaa ndani ya kopo, na siku Bibi akiondoka duniani ingekuwa kipande cha fedha tu.

Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, baada ya mtaa mzima kumaliza kuzibua mifereji na kila mtu kurudi na jembe lake, Bibi aliniita. Kitambaa kilikuwa mapajani mwake, kimefungwa fundo.

"Iko kazi kidogo," alisema. "Anayepeleka lazima awe mtu asiye wa damu. Zamani walikuwa majirani. Sasa iko wewe."

"Nipeleke wapi?"

"Gisozi. Unampa mkononi. Unasema, umeangusha hiki. Unaondoka. Husemi ingine na hugeuki."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. "Kwa hiyo haikombolewi?"

"Wewe peleka."

"Na kwa nini niseme ameangusha?"

"Mtu akipewa anaona haya. Akiokotewa, kitu ni chake."

Nilimuuliza kuhusu mjukuu, ambaye amekwisha kukataa. Bibi alisema anamjua. Mume akiitoa mbele ya shehe na wageni, msichana hatamfedhehesha mtu hadharani, amelelewa. Niliiona hila katika mpango huo na sikuipenda. Lakini wiki niliyoshikwa na malaria ni mwanamke huyu aliyenipikia uji na kukaa mlangoni kwangu mpaka niumalize, na hakuwahi kuniomba kitu. Nikachukua kitambaa.

Nilipanda moto, pikipiki ya abiria kama wanavyoiita huku, mpaka Gisozi. Agakiriro siku hiyo palikuwa kama kawaida yake, vitanda vimesimamishwa kando ya barabara, cheche za wachomeleaji, harufu ya vanishi mpaka kooni. Dereva wa moto alisema hawezi kusubiri sana, kwa hiyo sikuvua helmeti aliyonivisha. Nilimkuta bwana harusi ameinamia msumeno wa umeme, ameziba masikio kwa vipande vya sponji. Nilimgusa bega, nikaweka kitambaa kiganjani mwake, nikasema, "Umeangusha hiki," nikaondoka. Alinipigia kelele ya kitu fulani ambacho msumeno ulikimeza. Sikugeuka. Nilirudi Rwezamenyo nikijiona mtu wa maana.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda msikitini kama siku zote. Baada ya sala imamu alitoa matangazo, kwa Kinyarwanda kisha kwa Kiswahili. Alianza na mgonjwa wa kuombewa dua na gari lililozuia geti. Kisha akasema:

"Kijana mmoja ametukabidhi sarafu ya zamani, ya fedha. Anasema imeletwa kazini kwake na mtu wa helmeti, akamwachia na kukimbia na moto. Mwenye kuipoteza afike ofisini ataje alama zake."

Niliinamisha kichwa kama mtu ambaye bado anasali. Nyuma yangu mzee mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Ya fedha? Hiyo ni ya babu yangu."

"Babu yako alikuwa na fedha wapi? Alikuwa anauza mkaa."

"Mkaa haulipwi?"

Nje, kwenye viatu, nilikutana na bwana harusi mwenyewe. Alinisalimia kwa furaha, akanieleza habari yote bila kujua anamweleza nani. "Kaka, nimeletewa kitu si yangu. Nafungua naona ni kitu ya thamani, ya wazee wa watu. Mimi naoa wiki ijayo. Naanzaje nyumba na kitu ya watu?"

Desturi ilinikataza kueleza. Nikamwambia, "Umefanya vizuri," na hilo lilikuwa kweli kabisa. Mabwana harusi wote waliomtangulia walizaliwa katika mtaa ule ule, na walikwishaambiwa na wajomba zao maana ya mtu anayekuja na kitambaa. Huyu alikulia Kampala. Kitu kilichoanguka, kwake, kilikuwa kitu kilichoanguka, na Kigali kitu kilichookotwa hurudishwa.

Nilipofika nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. Bibi alikuwa kwenye ngazi yake, mikono mitupu.

"Ulimwambiaje?"

"Umeangusha hiki."

"Na yeye?"

"Amempelekea imamu."

Alinitazama muda, halafu akaanza kucheka, kwanza kwa mabega tu, kisha mpaka akavua miwani. "Huyu ni mwaminifu," alisema. "Ee Mungu, huyu ni mwaminifu kupita kiasi." Kisha kicheko kikamwishia. Akienda yeye kuidai, imamu atauliza imefikaje Gisozi, na siri ya wanawake wa nyumba nzima, waliokufa na walio hai, itamwagwa ofisini. Asipokwenda, mtu mwingine ataichukua, au itauzwa na pesa wapewe maskini.

Bado alikuwa akitafuta njia mjukuu alipoingia getini akitoka kazini, simu mkononi. Rafiki zake walikuwa wamemwandikia.

"Bibi, Bwana Kofia iko msikitini."

"Nimesikia."

"Imefikaje?"

Bibi alinitazama mimi. Mjukuu akafuata macho yake mpaka kwangu, akanitazama kichwani kana kwamba helmeti bado ipo. "Kwa hiyo wewe ndiyo posta ya Bibi," alisema. "Kofia imebeba Kofia."

Bibi alimwambia akae. Alimweleza kwa ufupi, akitazama mikono yake. Bibi wa bibi yake alikuwa na binti, na binti huyo alipendwa na mshonaji asiye na kitu. Shangazi za binti walikuwa wakali, mahari ya aibu wasingeikubali. Basi yule mama akamtuma jirani kwa mshonaji na rupia kwenye kitambaa, na maneno yale. Mshonaji alikuja akasema ameikomboa kwa mbuzi. Tangu hapo ikawa hivyo.

"Kila mmoja?" aliuliza mjukuu.

"Kila mmoja."

"Babu je? Babu alisema alitoa baiskeli."

"Babu yako baiskeli aliazima. Jioni ilirudishwa."

"Na Baba? Baba alisema mabati."

"Mabati gani? Ungeyaona hapo juu."

Tukatazama juu wote watatu. Paa la nyumba ile ni la vigae vya zamani.

"Kwa hiyo hakuna mwanaume aliyewahi kuikomboa," alisema mjukuu polepole.

"Hakuna."

"Na Mama alijua?"

"Alijua asubuhi ya pili. Kila mmoja anaambiwa asubuhi yake ya pili, anacheka, ananyamaza."

"Kwa nini mlinyamaza?"

Bibi alivaa tena miwani yake. "Wanaume wetu, huko nje, walikuwa wanaomba kibali cha kulala. Humu ndani tuliwapa kitu cha kushika."

Mjukuu alivitazama tena vile vigae. Nilitaka kuondoka, lakini kuondoka kungekuwa na kelele kuliko kukaa. Hatimaye alisimama, akajifunga vizuri ushungi wake, akaniambia, "Posta, twende."

Ofisi ya msikiti ni chumba kimoja chenye meza, na juu ya meza kulikuwa na kisanduku cha vitu vilivyookotwa. Niliona funguo, simu iliyopasuka, na kiatu kimoja cha mtoto. Imamu alituambia wamekwishakuja watu wawili. Mmoja alisema sarafu ina kichwa cha malkia. Mwingine alisema ina tundu katikati. Aliwashukuru wote wawili na kuwaombea heri.

"Haya, binti. Taja."

Na yeye akataja. Nilisimama nyuma yake nikimsikiliza msichana aliyekataa kuolewa kwa kichwa kile akikieleza kama mtu anavyoeleza uso wa ndugu. Masharubu yanayopanda. Kofia, na ndege juu ya kofia, bawa lake moja limefutika. Nyuma, simba ambaye mkia wake karibu unagusa mnazi. "Na chini ya kidevu iko kidonda," alisema. "Kidogo, unakisikia kwa kidole kuliko kukiona. Waliigonga kwenye jiwe kujua kama ni fedha kweli."

Imamu aliifungua droo, akaitoa, akapitisha kidole chini ya kidevu cha mfalme. "Ni ya nani?" aliuliza, kalamu mkononi.

"Ya kwetu."

"Nyinyi na nani?"

"Mimi, na bibi yangu, na bibi wa bibi yake. Wamekaa nayo kabla ya Mbelgiji kufika."

Imamu aliweka kalamu chini bila kuandika, akampa.

Tukiwa njiani mjukuu alimpigia simu mchumba wake, akamweleza yote palepale, amesimama mbele ya duka la mikate, hakuficha hata sehemu yangu. Alikuwa ameweka simu wazi ili asikie vizuri licha ya kelele za magari, kwa hiyo nilimsikia yule kijana.

"Banange," alishangaa kwa Kiganda. Kisha: "Kwa hiyo nimejipeleka mwenyewe kwa imamu."

"Umejipeleka. Sasa sikiliza. Nitaipokea. Lakini utasema imetoka wapi, mbele ya watu. Sitaki mbuzi ya uongo."

"Watasema sikuwa na mahari."

"Watasema."

Mahali alipokuwa kijana, msumeno mmoja uliwaka ukazimika. "Basi waseme," alijibu.

Tulirudi tukitembea. Nilimuuliza kuhusu kichwa cha Mjerumani, na mnazi. Alisema hajampenda hata sasa. Ila, alisema, yule mama aliambiwa apeleke zote akapeleka pungufu, na hiyo aliiona kuwa uhuru pia, wa kwanza kabisa nyumbani kwao, hata kama hakuna bendera iliyopandishwa.

Siku ya ndoa, hema lilifungwa uani, mbele ya mlango wa chumba changu. Wanaume tulikaa chini yake, wanawake ndani. Baba wa bibi harusi alikuwa amekuja kutoka Huye na alikaa karibu na shehe. Shehe alipouliza mahari, bwana harusi alisema kwa sauti: rupia ya fedha, mali ya wanawake wa nyumba hii, waliyonipa nioe nayo. Kukawa na minong'ono. Baba wa bibi harusi alianza ghafla kupendezwa na kamba za hema.

Shehe aliinua mkono. "Mwanangu, mahari unatoa kitu chako. Ukitoa cha watu, haijatimia. Mwenye nacho yuko wapi?"

Bibi akaitwa. Alitoka mpaka kizingitini, kanga mpya, miwani yenye uzi ule ule. Wanawake walimjaa mgongoni wakichungulia. Maisha yake yote alikuwa ameilinda siri hii, na sasa alitakiwa kuitamka mbele ya mtaa.

"Umempa au umemwazima?" shehe alimuuliza.

"Nimempa," alisema Bibi. "Ni yake. Sasa yeye ampe anayemtaka."

Bwana harusi aliishika rupia kwa mikono miwili. Hakutakiwa kusema zaidi, lakini alisema, kwa Kiswahili chake cha Kampala. "Wazee wangu walitoka nchi hii mikono mitupu. Nilirudi, sikuwa na kitu yoyote ya zamani ya hapa ya kushika. Leo naishika. Asante, Bibi." Hapo minong'ono ilikoma. Yule mzee wa msikitini ambaye babu yake aliuza mkaa, aliyekuwa mbele yangu, alipangusa macho kwa ncha ya shali na kusema ni vumbi. Shehe akaingia ndani kumuuliza bibi harusi kama ameridhika, na jibu lilisikika mpaka nje kabla hajamaliza swali.

Baada ya pilau mpiga picha alimtaka bibi harusi aishike sarafu karibu na uso wake. "Geuza upande wa kichwa," alimwambia. "Huo ndio unatoka vizuri."

Bibi harusi alikunja uso, akaacha simba na mnazi vikitazama mbele. Mpiga picha akasihi. Bibi, aliyekuwa ameketi pembeni akitafuna kipande cha sambusa, hakusubiri zaidi.

"Mgeuze tu," alisema. "Amezoea harusi. Amehudhuria nyingi kukupita wewe."

Bibi harusi alicheka, na akiwa bado anacheka akamgeuza. Watu wa nyumba wakaitwa wasimame nyuma yake. Nilikuwa nikirudi nyuma kuwapisha Bibi aliponishika mkono wa shati na kunivuta mpaka nikasimama kati yake na bwana harusi. Mpiga picha alishusha kamera, akaniangalia, akauliza huyu anaingia upande gani.

"Ni wa kwetu," alisema Bibi. "Piga."